Jirani kapandisha ghorofa, koridoo na madirisha yote yanatazama uani kwangu. Nifanyeje?

MkaziWaUani

Habari za jioni wakuu.

Naomba ushauri kwa wajuzi wa ujenzi, wa sheria, na hata wale wajuzi wa kuishi na watu tu. Niko Tabata, Dar es Salaam. Nyumba ni ya familia, ya kawaida kabisa: vyumba mbele, ua nyuma. Na maisha yetu hasa yako huko uani. Jiko la mkaa liko huko, karo la kufulia liko huko, kamba za nguo ziko huko, na kuna bafu la nje lisilo na paa, lina kuta tu zinazopita kichwa. Mama yangu ni mtu mzima, bafu la ndani lenye marumaru anateleza, kwa hiyo hilo la nje lenye sakafu ya saruji ya kukwaruza ndilo lake.

Jirani wa upande wa kulia alikuwa na nyumba kama yetu. Mwaka jana akaanza kupandisha. Sikuwa na neno, mtu na hela yake. Sasa slabu imekauka, kuta za juu zimefika lenta (ule mkanda wa zege juu ya madirisha), na ndipo nilipoelewa alichokuwa anakijenga. Ngazi ya nje iko upande wetu. Ukimaliza ngazi kuna koridoo ya wazi, na kwenye koridoo hiyo vyumba sita vya kupangisha vimejipanga kama mabehewa, kila kimoja mlango na dirisha vinatukodolea sisi. Fundi akisimama pale juu anaona mpaka nimeunga nini kwenye sufuria. Bafu linaonekana lote, na ndoo yake.

Hajapiga plasta bado, grili hazijawekwa. Nilimfuata kwa upole, akanijibu, "Dada usiwe na wasiwasi, mimi napangisha watu wa heshima tu." Watu wenyewe bado hawajapatikana, heshima yao tumeshaletewa.

Mume wangu anataka tupandishe ukuta wa mpaka mpaka umzibe kabisa. Mdogo wangu anasema twende kwenye sheria. Mama anasema tunyamaze, kwa sababu huyu jirani ndiye aliyehangaika na sisi usiku mzima baba alipofariki. Kila mmoja ana haki yake, na mimi ndiye ninayeoga nikiwa nimevaa khanga.

Nawasilisha.

Bwana_Kodi

Mimi nina nyumba za kupangisha, mtanisamehe. Jamaa kajenga kwenye kiwanja chake kwa hela yake. Dar inajaa, ardhi haiongezeki, watu lazima waende juu. Ukitaka usionekane, ezeka ua. Kila mtu akimkataza jirani yake kufungua dirisha, mji hautajengeka.

Kerengende

Kila mpangaji anayehamia akabidhiwe ufunguo, mkataba na miwani ya mbao. Kesi imeisha.

Mama_Pacha

@Bwana_Kodi wewe bila shaka unaoga kwenye bafu la ndani lenye hita. Pole mleta uzi. Mimi nilishaacha hata kuanika baadhi ya nguo nje kwa ajili ya mambo hayo hayo, naanikia chumbani na feni.

FundiLevo

Mleta uzi, kilichonifurahisha kwenye maelezo yako ni kwamba hajapiga plasta wala hajaweka grili. Wengi wanaoleta malalamiko haya wanakuja nyumba ikiwa imeshapakwa rangi. Mtu akishafunga aluminiamu, kumwambia avunje ni kumwambia achome hela. Sasa hivi mnaongelea tofali na saruji.

Nikupe vipimo uende navyo, maana kwenda kwa mtu kusema "madirisha yako yananikera" hakumsaidii kujua afanye nini.

Madirisha mengi ya mtaani yanaanzia kama sentimita 90 kutoka sakafuni na kuishia kwenye lenta, mita 2.1. Mtu wa kawaida akisimama jicho lake liko kwenye mita 1.5 mpaka 1.6. Kwa hiyo dirisha lilivyo sasa, karibu lote ni la kukutazama. Akiongeza kozi tatu za tofali (kozi ni mstari mmoja wa tofali, pamoja na udongo wake ni kama sentimita 25), dirisha linaanzia mita 1.65. Mrefu akitaka kuchungulia atachungulia, lakini aliyekaa kitandani au anayepitapita chumbani hakuoni. Kozi nne ni nyingi, upenyo unaobaki ni mdogo, chumba kitachemka, hapo hatakubali na ningekuwa mimi nisingekubali.

Njia ya pili haigusi tofali kabisa. Dirisha linabaki na ukubwa wake, ila fremu inagawanywa: sehemu ya chini inawekwa kioo cha maua, kile kisichoonyesha, na haifunguki, sehemu ya juu ndiyo inafunguliwa. Mwanga anaupata, hewa anaipata, wewe unapata amani. Usikubali akuambie ataweka kioo cha giza. Kioo cha giza kinaficha mchana tu, usiku taa ikiwaka ndani na nje giza mambo yanageuka, na zaidi ya hapo mtu akisogeza kioo chake apate hewa, giza lote limeenda na kioo.

Lakini madirisha siyo tatizo lako kubwa. Tatizo lako ni koridoo. Dirishani mtu anachungulia, koridoni mtu anakaa. Ule ukuta wa kuzuia watu wasianguke, wengi wanauishia mita 1. Unatakiwa ufike kama mita 1.8, na sehemu ya juu iwe tofali za matundu ili koridoo isiwe shimo. Zipo zenye mapezi ya mshazari. Zikipangwa ncha ya nje ikiwa juu na ya ndani ikiwa chini, aliye koridoni anaona mbingu na majani ya minazi, ua haoni. Ubaya wake mvua inaingia kidogo, kwa hiyo koridoo iwe na mteremko na bomba la kutolea maji. Na hilo bomba uliulizie mapema linamwaga wapi, usije ukapata stara ukapoteza ua kwa maji ya wapangaji sita.

MumeWaMtu

Fundi, na wazo la kupandisha ukuta? Mimi ningeanza na huo, sina haja ya kumbembeleza mtu.

FundiLevo

@MumeWaMtu hesabu yake haikubali. Tuseme ghorofa ya chini ina mita 3 mpaka juu ya slabu, ongeza jicho la mtu mita 1.6, unapata 4.6. Koridoo iko mita 1 kutoka mpakani. Ukijenga ukuta wa mita 3, ambao ni mrefu kwelikweli, unaficha sakafu ya ua kwa mita 2 hivi kutoka ukutani. Mtu akisimama humo humo, kichwa na mabega vinaonekana asipoganda ukutani. Ukitaka kufunika ua mzima itabidi ukuta ulingane na jicho lake. Ukuta wa namna hiyo wa tofali za inchi 6 bila nguzo na mkanda wa zege, mvua za masika zikiulowesha chini, unaanguka. Ukimwangukia mtoto wa jirani, habari ya madirisha itasahaulika.

Halafu upepo. Ua wa nyuma Dar bila upepo wa kusi ni adhabu. Unajijengea jela ili mwingine asikuone.

Bwana_Kodi

Fundi umeongea. Mimi naongeza la upande wa mwenye nyumba, maana hapo juu mmenishambulia.

Msiende kwa huyo mzee na lugha ya haki, nendeni na lugha ya kodi. Mwenye nyumba wa vyumba sita anawaza vitu viwili: chumba kisikae wazi na mpangaji asisumbue. Koridoo ya wazi inayotazama ua wa watu haileti mpangaji mzuri. Mwenye familia akija kuangalia chumba, mkewe anasimama pale juu, anaona watu wanaoga, anaona na wao wanamwona, anasema twende kwingine. Kinachobaki ni vijana wa kukaa miezi mitatu na kuhama usiku. Koridoo yenye ukuta wa tofali za matundu ina kivuli, inaanikwa nguo, mwizi hapandi kirahisi, na mtaani inaonekana ya kisasa. Mwambie hivyo. Neno faragha lisikutoke mdomoni mpaka amekubali.

MkaziWaUani

Asante sana @FundiLevo, nimenakili vipimo vyote kwenye daftari. Bwana Kodi na wewe asante, nilikuwa nimeshakukasirikia.

Swali kwa wanasheria: kwani hakuna sheria inayomkataza moja kwa moja?

WakiliWaMtaani

Nitajibu bila kukupa matumaini hewa.

Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 inataja hifadhi ya maisha binafsi ya mtu, familia yake na maskani yake. Ni msingi mzuri wa kujengea hoja, lakini usitegemee kuingia nayo peke yake mahali ukatoka na amri ya kuziba dirisha. Sheria zetu zimerithi mengi kutoka kwa Waingereza, na kwa Waingereza jirani kukuona tu kutoka nyumbani kwake, kwa kawaida, hakukupi kesi.

Pa kushika ni kwenye kibali. Chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 mtu haendelezi eneo la mji bila idhini ya mamlaka ya upangaji, na kuongeza ghorofa ni uendelezaji bila ubishi. Kwa hiyo maswali yako ni haya: ana kibali cha hiyo ghorofa, au ana cha nyumba ya chini tu? Mchoro uliopitishwa unaonyesha ngazi upande gani? Nafasi aliyoacha kutoka mpakani ni ile inayotakiwa kwa aina ya kiwanja chenu? Watu wengi huku kwetu wanapitisha mchoro mmoja na kujenga mwingine.

Anza ofisi ya serikali ya mtaa, kisha mtendaji wa kata, kisha barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, ikielekezwa idara ya mipango miji. Tabata iko chini ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala mpaka 2021. Barua iwe fupi, iambatane na picha zenye tarehe, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Halmashauri ikiona ujenzi hauna kibali au umekiuka mchoro, ina uwezo wa kuusimamisha.

Mkifika kwenye mgogoro kamili wa ardhi, mlango wa kwanza ni Baraza la Kata. Jueni kwamba tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 baraza hilo kwenye mambo ya ardhi linapatanisha tu, halihukumu. Likishindwa linathibitisha hivyo kwa maandishi, au siku 30 zikapita bila suluhu, ndipo unafungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko unaweza kuomba zuio la muda ujenzi usimame wakati shauri linasikilizwa.

Sasa tahadhari. Afisa akija na futi yake anapima pande zote mbili. Bafu lako la nje limegusa mpaka? Ukuta wenu ulijengwa kwa kibali? Kama majibu yanasitasita, tumia kwanza ushauri wa Bwana Kodi, wangu uweke kabatini.

Kijana_wa_Goba

Naomba kuingilia kidogo. Kwangu siyo dirisha ni kamera. Jirani kafunga kamera ya ulinzi kwenye kona ya paa, imeelekea getini kwangu na sehemu ya sebule. Hiyo nayo inaingia hapa?

WakiliWaMtaani

@Kijana_wa_Goba wewe una pa kushika zaidi kuliko mleta uzi, kwa sababu kamera inarekodi na kuhifadhi. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023, na kuna Tume yake inayopokea malalamiko. Ila anza kwa kumwomba aigeuze. Programu nyingi za kamera zina sehemu ya kufunika eneo fulani lisirekodiwe, mtu wa kumfungia anaifanya akiwa amesimama hapo hapo.

MbongoLondon

Salaam kutoka baridini. Wakili kasema kweli kuhusu Waingereza, ila kuna kesi moja ya hapa London imetikisa kidogo.

Jumba la sanaa la Tate Modern lilifungua mwaka 2016 baraza la juu la kutazamia mji, ghorofa ya 10. Ng'ambo yake, mita 30 na ushee tu, kuna ghorofa za makazi za Neo Bankside zenye kuta za vioo kutoka juu mpaka chini. Wageni mamia kwa maelfu kwa mwaka wakawa wanapanda na kupiga picha watu wakiwa sebuleni wanakunywa chai. Wenye nyumba wakashtaki. Mahakama ya kwanza, 2019, ikawaambia kwa lugha ya heshima wanunue mapazia. Rufaa ya 2020 wakashindwa pia. Februari 2023 Mahakama ya Juu ikageuza kibao, majaji watatu dhidi ya wawili: ile ni kero inayoshtakika.

Lakini msishangilie mapema. Walishinda kwa sababu kuweka jukwaa la watalii si matumizi ya kawaida ya eneo lile. Mahakama haikusema dirisha la jirani ni kosa. Wapangaji sita wanaoanika nguo na kusuka nywele koridoni ni maisha ya kawaida kabisa, kwa hiyo kesi hii ukiipeleka Tabata itamsaidia jirani kuliko wewe.

Kilichonichekesha ni vipimo vya Fundi. Hapa England mtu akiongeza jengo kwa zile ruhusa za moja kwa moja, bila kuomba kibali kamili, dirisha la ghorofa ya juu la ubavuni lazima liwe la kioo kisichoonyesha na lisifunguke chini ya mita 1.7 kutoka sakafuni. Fundi umesomea wapi?

FundiLevo

@MbongoLondon nimesomea Buguruni, juu ya mirunda.

Mzee_wa_Baraza

Assalaam alaykum. Mimi ni mtu wa Unguja, Mji Mkongwe. Nasoma kwa furaha, maana haya mnayoyahesabia kwa futi wazee walishayahesabia zamani.

Katika Majalla, ule mkusanyo wa sheria za Kiislamu uliotungwa karne ya 19 katika dola ya Uthmaniya kwa madhehebu ya Hanafi, kuna kifungu cha 1202. Kinasema mahali pa wanawake, na kinapataja kwa majina, jikoni, kisimani na uani, pakionekana kutoka jengo jipya au dirisha jipya la jirani, hayo ni madhara makubwa na mwenye jengo anaamriwa ayaondoe, kwa ukuta au kwa kizuizi. Hakuamriwa avunje nyumba yake. Kifungu kinachofuata kinasema dirisha likiwa juu ya kimo cha mtu, jirani hana haki ya kudai lizibwe kwa hofu kwamba mwenyewe anaweza kuweka ngazi akachungulia. Kimo cha mtu, mita 1.7 za huyo kijana wa London, na kozi tatu za Fundi, vyote vimekutana mahali pamoja.

Mle mle pana na habari ya mti wa matunda. Ukiwa na mti ambao ukiukwea unaona ua wa jirani, utoe taarifa kila unapoukwea. Wajukuu zangu wakipanda mwembe nawaambia wapige hodi.

Simwambii mama huyu akashtaki kwa Majalla, si sheria ya nchi yetu. Namwambia tu kwamba kama jirani yake ni mtu wa msikitini, amwombe imamu amsomee. Wako watu barua ya mkurugenzi haiwagusi, lakini hilo litawanyima usingizi.

KiwandaniAmu

Mzee umenikumbusha kwetu Lamu. Nyumba za mawe za kale mtu hawezi kuona ndani hata mlango ukiwa wazi: unaingia daka, ule ukumbi wa mlangoni, unapinda, ndipo unatokea kiwandani, yaani ua wa ndani, na vyumba vyote vinapata mwanga kutoka kiwanda hicho, si kutoka njiani. Hata wikio, kile chumba cha juu kinachovuka njia kuunga nyumba mbili, kinajengwa kisitazame kwa watu. Matatizo yalikuja watu walipoanza kupandisha ghorofa za matofali na mabaraza ya makuti ya kukalia wageni. Mgeni anapanda kunywa juisi na kutazama machweo, na katikati ya machweo yuko shangazi yangu anakuna nazi. Mji umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, lakini urithi wenyewe huwezi kuutetea nyumba kwa nyumba bila kuzozana na binamu yako.

Kwa upande wa sheria ya Kenya, Physical and Land Use Planning Act ya 2019 inaipa kaunti nguvu ya kutoa notisi kwa aliyejenga bila idhini au kinyume cha idhini. Notisi hiyo inaweza kumtaka asimamishe au arudishe palivyokuwa. Ni yale yale aliyosema wakili: pa kushika ni kibali.

MpangajiNambaTatu

Wote mmeongea isipokuwa mimi ninayekaa kwenye hiyo koridoo. Siyo ya Tabata, ya kwingine, lakini imejengwa hivyo hivyo.

Hakuna aliyehamia kwenda kuchungulia. Umeme ukikatika saa mbili usiku chumba hakikaliki, tunatoka wote koridoni na vigoda. Chini kuna ua wa watu. Mwenye ua akawa anatutukana, tukiwa tumekaa tu na simu zetu. Mwisho tukafunga khanga kwenye nondo kutoka mwanzo mpaka mwisho, siyo kwa ajili yake, kwa ajili yetu. Mtu anayekutazama kutoka chini na mwiko mkononi naye anakunyima amani.

Mwenye nyumba alipokuja kuziona zile khanga akakasirika, eti tunaharibu sura ya jengo. Angejenga tofali za matundu tangu mwanzo, khanga zangu mbili zingekuwa nzima.

Mama_Pacha

Mwiko mkononi 😂 Jamani, kumbe na huko juu mnaumia.

Mkulima_wa_Balkoni

Kama mkishindwa kote, pandeni. Miashoki inakwenda juu bila kutanuka, ndiyo maana kila geti la Dar ina mistari yake, lakini ina taratibu yake, itachukua miaka. Kwa haraka piga waya kutoka ukutani mpaka juu ya bafu, pandisha pasheni. Inafunika upesi, unakunywa na juisi. Mianzi usiguse, mizizi itahamia kwa jirani na hapo wewe ndiye utafunguliwa uzi.

MkaziWaUani

Wakuu, nimerudi na mrejesho.

Tulikwenda kwa jirani mimi, mama na mjumbe wetu wa shina. Mume wangu alibaki nyumbani kwa makubaliano. Mama hakuongea habari ya madirisha kabisa. Alimwomba tu jirani ampeleke juu akaione nyumba, ampongeze. Akapanda ngazi taratibu, ameshika bega la jirani, akafika koridoni, akasimama, akatazama chini kwetu. Akasema, "Mwanangu, kumbe bafu langu ni dogo hivi." Jirani alitazama pembeni. Fundi wake akajifanya anatafuta pima maji.

Baada ya hapo kazi yangu ilikuwa rahisi. Nilifungua daftari, nikamsomea vipimo vya Fundi na hoja za Bwana Kodi, ile ya mke wa mpangaji ndiyo iliyomwingia zaidi. Tumekubaliana koridoo ipandishwe mpaka mita 1.8, tofali za matundu za mapezi juu. Sisi tunanunua tofali za matundu, yeye saruji, mchanga na ufundi. Madirisha mawili yanayoangalia bafu yanaongezwa kozi tatu. Manne yaliyobaki yanapata kioo cha maua chini. Ngazi haihami, alikataa katakata, alisema nguzo yake imeshikana na jengo, na fundi wetu tuliyemleta kutazama amesema ni kweli. Lakini ubavu wa ngazi utazibwa na ukuta.

Maji ya koridoo yatashuka kwa bomba upande wake. Hilo nalo nililiuliza, asante Fundi.

WakiliWaMtaani

Hongereni, na mama yako apewe ofisi. Sasa andikeni. Karatasi moja: nani anajenga nini, urefu gani, nani analipa nini, bomba linamwaga wapi, na kichoro cha mkono. Sahihi zenu, shahidi mmoja kila upande, muhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Nyumba inaweza kuuzwa, na mnunuzi hakuwepo siku mama alipopanda ngazi. Na msitoe hela ya tofali mkononi, nunueni tofali zenyewe zishushwe kwake.

MumeWaMtu

Na akiweka tofali kinyume? Mapezi yakielekea chini si ndiyo mtakuwa mmemjengea darubini?

FundiLevo

Swali zuri, hilo linatokea sana, mafundi wengi wanageuza mapezi ili mvua isiingie. Siku ya kozi ya kwanza uwe pale. Tofali moja liwekwe likiwa kavu bila udongo, panda juu, chuchumaa, simama, tazama. Ukiona ua, geuza. Usingoje wamalize.

MkaziWaUani

Nitapanda mwenyewe. Swali langu la mwisho Fundi: tumeamua bafu nalo liezekwe kwa usalama zaidi, maana watoto wa watu watapanda hata juu ya tangi. Ila mama hataki paa. Anasema bafu lisilopigwa jua linaota ukungu na litamtelezesha kama lile la ndani.

FundiLevo

Mama yuko sahihi. Usilaze paa juu ya ukuta. Simamisha bomba nne za chuma kwenye kona, zipite ukuta kwa sentimita 30, juu weka bati la plastiki linalopitisha mwanga. Hewa inazunguka kwenye huo upenyo pande zote. Upande wa jirani tu bati lishuke kidogo liupite ukuta, upenyo usionekane kutoka juu. Jua moja kwa moja atalikosa, mwanga ataupata, na sakafu itakauka ndani ya saa chache kama mteremko wake unafikisha maji yote kwenye tundu. Hebu mwaga ndoo moja leo utazame maji yanatuama wapi, kabla hujamwita mtu wa bomba.

MkaziWaUani

Yanatuama kona ya mlango. Nimemwaga sasa hivi.

FundiLevo

Basi anza na sakafu, paa baadaye. Mfuko mmoja wa saruji unatosha na utabaki.